Kolaji, Kibandiko au Kiraka? Tatizo la Neno Moja Darasani

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili hapa Masoro zoezi la kueleza picha kwa Kiswahili. Picha yenyewe ilikuwa ya msanii Collin Sekajugo, na mwanafunzi mmoja aliandika kuwa ni "mchoro wa viraka". Darasa lilicheka. Nasi tulilipigia neno hilo mstari mwekundu, tukamnyima alama mbili.

Kwanza tueleze aina hii ya sanaa. Msanii hatumii rangi peke yake. Hukata karatasi, vitambaa na picha zilizokwisha kupigwa na watu wengine, akavibandika kwa gundi juu ya turubai, kisha akapaka rangi. Jina kolaji limetokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kubandika; Picasso na Braque walianza kuitumia mbinu hii mwaka 1912. Lakini watu weusi waliipa kazi nyingine. Sura ya mtu mweusi ilikuwa imekwisha kuchorwa na wengine, katika magazeti na vitabu vyao, kwa hiyo mkasi ulifaa kuliko brashi. Mmarekani Romare Bearden alikata magazeti miaka ya 1960, wakati wa harakati za haki za kiraia, akaunda upya maisha ya jamii yake. Mkenya Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alibandika vipande vya picha za magazeti juu ya kurasa za kitabu cha kale cha tiba, zikawa nyuso za wanawake.

Sekajugo yuko karibu nasi zaidi. Alizaliwa mwaka 1980 Masaka (ile ya Uganda, si Masaka yetu ya Kicukiro), ana asili ya Uganda na Rwanda, na mwaka 2007 alianzisha Ivuka Arts hapa Kigali. Mwaka 2022 yeye na Acaye Kerunen waliiwakilisha Uganda katika maonyesho ya Venice. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hiyo kuwa na banda lake huko, na banda hilo lilitunukiwa heshima maalumu.

Katika kazi zake nyingi huchukua zile picha zinazouzwa kwa ajili ya matangazo ya biashara: mtu ofisini, familia yenye furaha mezani. Kwa miaka mingi watu hao walikuwa Wazungu. Yeye huuacha mkao ulivyo, lakini humweka Mwafrika mahali pao, na hutumia pia kitambaa cha magome. Kitambaa hicho Waganda hukitengeneza kwa gome la mutuba, mti wa jamaa moja na mivumu yetu. Gome hubanduliwa majira ya mvua, likagongwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike na kupata rangi ya udongo mwekundu. Wazee wetu walivaa impuzu, kwa hiyo mwanafunzi wa Rwanda hahitaji kufundishwa maana yake. Hilo ni vazi la ukoo, la mazishi, la kutawazwa kwa mfalme, nalo sasa limebandikwa ndani ya tangazo la biashara.

Turudi kwenye kiraka. Tulilikataa neno kwa sababu linanuka umaskini, na kwa sababu kiraka huficha, ilhali kolaji huonyesha vipande vyake waziwazi. Hoja hiyo tuliiona imara mpaka mwanafunzi alipokuja ofisini na daftari lake. "Mwalimu," alisema, "kiraka huwekwa palipo na tundu. Katika picha zile mtu mweusi hakuwepo."

Hatukuwa na jibu. Kibandiko chaweza kuwekwa popote, hata ukutani. Kolaji ni istilahi tu, haisemi kitu kwa asiyeijua. Kiraka pekee ndicho kinachotaja tundu. Katika mtihani tutaendelea kudai "kolaji", maana istilahi inahitaji kuwa moja. Alama zake mbili tumemrudishia.