CHAKULA CHA MBWA NA AFYA YA NYUMBA YAKO

Mbwa anatusaidia sana. Anachunga nyumba usiku, anafuata wawindaji katika pori, anafukuza nyani katika shamba. Lakini tukiuliza wenye mbwa, "Mbwa wako anakula nini?" wengi wanajibu, "Anajitafutia." Jibu hilo ni la hatari. Mbwa anayejitafutia anakula mizoga, mavi, na matumbo yaliyotupwa inje. Kisha anarudi kulala mulangoni pako, na mutoto wako anamushika.

Mithali 12:10 inatufundisha kwamba haki ya mutu inaonekana hata kwa namna anavyotunza nyama wake. Anayemulisha mbwa vizuri anachunga watoto wake vilevile.

MAPAFU NA MAINI MABICHI

Siku ya arusi ao ya Noeli tunachinja mbuzi, kondoo ao ng'ombe. Pengine tunaona katika maini ao mapafu kifuko chenye maji, kama yai lisilo na ganda. Watu wanasema, "Hii ni mbaya, mupe mbwa." Usifanye hivyo!

Ndani ya kifuko kile mna vichwa vidogo sana vya nyoka za tumbo. Mbwa akikila kibichi, nyoka zile zinakomaa katika matumbo yake. Urefu wao ni milimeta chache tu, na mbwa haonekani mugonjwa. Nyuma ya juma 6 hivi, mayai yao yanatoka pamoja na mavi yake. Macho yetu hayawezi kuyaona. Yanashika manyoya ya mbwa, yanaanguka katika mboga na katika maji.

Mutoto anacheza na mbwa, kisha anakula bila kunawa mikono. Amemeza mayai. Sasa kifuko kinaanza kukua ndani yake, zaidi katika maini ao mapafu. Kinakua polepole, miaka mingi, bila maumivu. Mwisho tumbo linavimba, ao anakohoa na kukosa pumzi. Mara nyingi inapasa munganga amupasue. Kifuko kikipasuka ndani ya mwili, mutu anaweza kufa. Wafugaji wa Turkana, kaskazini ya Kenya, wameteswa sana na ugonjwa huu. Usiseme ni uchawi. Njia yake inajulikana, nawe unaweza kuifunga:

1. Fukuza mbwa pahali pa kuchinjia.
2. Unguza sehemu zenye vifuko, ao uzizike katika shimo refu.
3. Ukitaka kumupa mbwa maini ao mapafu, yachemushe kwanza nusu saa nzima.
4. Nawa mikono kwa sabuni kila mara mbele ya kula. Osha mboga vizuri.
5. Uliza veterineri dawa ya nyoka za tumbo kwa mbwa wako.

CHAKULA KINACHOFAA

Bugali peke yake haitoshi. Mutoto anayekula bugali tu anadhoofika, na mbwa ni vilevile. Changanya bugali ao wali na samaki ndogo zilizopikwa, maharagi yaliyoiva, ao mabaki ya nyama bila mifupa. Mupe mbwa mukubwa mara mbili kwa siku, katika sahani yake mwenyewe. Mupe maji safi siku zote. Mbwa anayenyonyesha anahitaji chakula kingi zaidi. Watoto wake wakifika juma la 4, waanze kula chakula laini mara nyingi kwa siku, wakiendelea kunyonya.

CHAKULA KISICHOFAA

Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama sindano na kutoboa matumbo. Mahindi na karanga zenye ukungu zina sumu inayoharibu maini, na moto hauiondoi. Hazifai kwa mbwa wala kwa watu. Muhogo muchungu usioloweshwa una sumu. Vitunguu, hata vilivyopikwa, vinaharibu damu ya mbwa. Samaki ya chumvi isiyoloweshwa, shokola, kahawa na pombe, usimupe hata kidogo.

NENO MOJA TENA

Mbwa mwenye njaa anazunguka mbali na kupigana na mbwa wengine. Huko anaweza kupata kichaa. Chakula hakizuii kichaa. Inapasa mbwa apigwe sindano yake. Mutu akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile. Asingoje kuona dalili, maana dalili zikionekana, karibu hakuna anayepona.

MAULIZO

1. Kwa nini ni vibaya kumutupia mbwa maini yenye vifuko?
2. Mayai ya nyoka yanaingia namna gani katika kinywa cha mutoto?
3. Leo mbwa wako amekula nini, na nani amemupa?