Ajuza wanaowatoa polisi jasho

HUENDA wewe, msomaji, ni miongoni mwa wale wanaoamini kuwa kitabu cha upelelezi lazima kijae bastola, magari yanayofukuzana na damu kila ukurasa. Kama ndivyo, kuna vitabu vya aina nyingine ambavyo vimewateka Waingereza katika miaka hii, na ambavyo unaweza kumwachia mama yako asome bila wewe kuona haya.

Katika vitabu hivi mtu huuawa, naam, lakini mauaji yenyewe hayaelezwi kinaganaga. Raha yake ni fumbo: ni nani aliyetenda, na kwa nini? Mpelelezi naye si askari. Ni jirani tu, mwenye macho makali na masikio yaliyo wazi.

Chukua The Thursday Murder Club cha Richard Osman, mtangazaji wa televisheni, kilichotoka mwaka wa 2020. Wazee wanne wanaoishi katika makao ya wastaafu huko Kent hukutana kila Alhamisi kuchambua kesi za zamani zilizowashinda polisi. Elizabeth alikuwa jasusi, Joyce muuguzi, Ibrahim daktari wa magonjwa ya akili, na Ron kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Mara mjenzi wa makao hayo anauawa, nao wanapata kesi mbichi.

Silaha yao kubwa ni kudharauliwa. Ni nani atakayemshuku nyanya aliyekuja na keki mkononi? Watu hujisahau mbele yake na kuropoka yote.

Hata hivyo, usidhani ni kicheko kitupu. Mumewe Elizabeth, Stephen, anapoteza kumbukumbu siku baada ya siku, na mkewe anahangaika kumficha asije akachukuliwa. Hapo ndipo utakapojikuta umemsahau muuaji, ukawa unamfikiria mzee wako mwenyewe aliyeachwa nyumbani, anayeuliza swali lile lile mara tatu.

Mwaka wa 2021 Robert Thorogood alituletea The Marlow Murder Club. Bi Judith Potts, mwenye umri wa miaka 77, hutunga mafumbo ya maneno ya magazeti. Jioni moja akiogelea katika mto Thames anasikia mlio wa bunduki kwa jirani. Polisi hawamwamini. Basi anaungana na Suzie, ambaye kazi yake ni kutembeza mbwa wa watu, na Becks, mke wa kasisi, kuutafuta ukweli.

Naye Richard Coles, ambaye mwenyewe amekuwa kasisi, aliandika Murder Before Evensong mwaka wa 2022. Huko waumini wanagombana kwa sababu ya kujenga choo kanisani, kisha maiti inapatikana!

Mbegu hii ni ya zamani. Agatha Christie alimleta Miss Marple, ajuza asiyeacha kufuma, katika riwaya ya mwaka wa 1930. Kwa Kiswahili tunaye Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tangu Mzimu wa Watu wa Kale, na huyo pia si polisi. Ikiwa unapendelea mpelelezi aliyefungua ofisi yake, mtafute Mma Ramotswe wa Botswana, aliyebuniwa na Alexander McCall Smith mwaka wa 1998. Huyu aliuza ng'ombe alioachiwa na babake ili aanze kazi.

Ukipata kimojawapo, kisome polepole. Andika majina ya washukiwa kwenye karatasi, na usimruhusu aliyekimaliza akufichulie mwisho. Afadhali zaidi, msomee nyanya yako sura moja kila jioni, kisha umwulize anamshuku nani.

Usishangae akikutangulia kumtambua muuaji. Kuishi kwingi ni kuona mengi.