MBIO AU VYUMA: KIPI KINAPUNGUZA UZITO KWELI?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, na kila likitajwa kijiweni linazua ubishi mpaka kahawa inapoa. Upande mmoja wapo watu wa jogging, wale wa Jumapili alfajiri wenye fulana za sare na nyimbo zao, wanakwambia kimbia tu, kitambi kitayeyuka chenyewe. Upande wa pili wapo vijana wa gym za uani, zile ambazo chuma chake ni bomba lenye kopo la rangi lililojazwa zege kila upande. Hao wanakwambia mbio zinakondesha shingo tu, tumbo linabaki palepale. Nimekaa pande zote mbili, na naona kila upande una ukweli wake na uongo wake.

Nianze na yangu. Mwaka 2022 nilikuwa na kilo 88, na urefu wangu ni wa kawaida tu. Suruali zote zimegoma kufunga. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa nzima, kama wewe hapo kwenye kompyuta. Baba yangu ana sukari, kwa hiyo siku nilipopimwa presha na daktari akaniangalia akaniuliza "kijana, mapema hivi?", kwa kweli nilishtuka. Nikanunua raba za mtumba, nikaanza kukimbia kila asubuhi, tena nimevaa koti la mvua juu ya sweta katika joto hili la Dar, maana niliambiwa jasho ndo mafuta yanayotoka. Nikimaliza napita kwa dogo mwenye mizani pale barabarani, nampa hela yake, napanda. Kilo 86! Furaha tele, nanunua soda ya baridi kujipongeza. Jioni nikipima tena, 88 ile ile. Nilienda hivyo wiki sita, halafu nikaacha. Miezi minne sikugusa raba.

Sasa nikikumbuka nacheka, ila wakati ule nilikata tamaa kabisa, na najua kuna mtu anasoma hapa yuko palepale nilipokuwa. Nilichokosa ni kuelewa mizani inapima nini.

Jasho kwanza. Jasho ni maji na chumvi kidogo, basi. Kazi yake ni kuupoza mwili. Ukipoteza lita moja ya jasho umepungua kilo moja kwenye mizani, na ukinywa lita moja ya maji imerudi. Mafuta hayajaguswa na hilo. Lile koti la mvua linaziba jasho lisikauke, mwili unashindwa kupoa, na mtu anaweza kuanguka kwa joto akafa. Kama una rafiki anayekimbia amejifunga nailoni tumboni, mwambie aivue.

Pili, mizani inapima kila kitu kwa pamoja: mafuta, misuli, mifupa, maji, na ule ugali wa mchana ambao haujatoka. Haikwambii kipi kimepungua. Hapa ndo ubishi wa mbio na vyuma unapoanza kueleweka.

Kuna utafiti mmoja mzuri wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, uliochapishwa mwaka 2012. Walichukua watu wazima wanene wasiokuwa na mazoezi, wakawagawa makundi matatu kwa muda wa miezi minane. Kundi la kwanza mbio na mazoezi ya pumzi ya namna hiyo, kiasi cha kilomita 19 kwa wiki. Kundi la pili vyuma, siku tatu kwa wiki. Kundi la tatu wakafanya vyote viwili. Watu 119 wakafika mwisho.

Matokeo? Wa mbio walipungua karibu kilo 1.8. Wa vyuma WALIONGEZEKA, yaani uzito wao ulipanda kwa kama gramu 800! Waliofanya vyote walipungua kilo 1.6 hivi.

Mtu wa jogging akisoma hapo atapiga makofi aondoke. Ngoja kwanza, kaka. Walipopima mafuta peke yake, kundi la mbio lilipoteza kama kilo 1.7 za mafuta, na kundi la vyote viwili likapoteza kilo 2.4. Yaani hawa wa mwisho mizani iliwaonyesha wamepungua kidogo kuliko wakimbiaji, wakati kumbe mafuta waliyopoteza ni mengi zaidi, ila wameongeza misuli karibu gramu 800 na ndiyo iliyoficha. Wa vyuma nao waliongeza misuli ya kilo moja hivi, lakini mafuta yao hayakushuka kwa kiasi cha kusema. Viuno vilipungua kwenye makundi mawili yenye mbio ndani yake, cha wa vyuma tupu hapana.

Kwa hiyo kama swali ni mafuta, na kama chakula hugusi, mbio zinashinda vyuma. Hilo nakubali bila kinyongo, ingawa mimi ni mtu wa vyuma siku hizi. Tena wakimbiaji walitumia muda mfupi zaidi, kama dakika 133 kwa wiki, wakati wa vyuma walitumia kama 180. Ukinyanyua chuma mara kumi unakaa unapumzika, unapiga stori, unajitazama kwenye kioo. Ukikimbia hakuna kukaa.

Lakini hebu angalieni hizo namba tena. Miezi MINANE, kilo mbili! Mtu aliyejipanga kukimbia kilomita 19 kila wiki kwa miezi minane anategemea atoke na mwili mpya. Hapa ndo penye mchezo wote, na hapa ndo wengi wanapoachia, mimi nikiwemo.

Tupige hesabu ya mtaani. Kukimbia kilomita moja kunachoma takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wako. Mwenye kilo 80 akikimbia kilomita 5 amechoma kama kalori 400. Sio haba. Sasa soda moja ya chupa ni karibu kalori 150. Bia ya nusu lita ni karibu 200. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni 120, na mkaanga chipsi hatumii kijiko, anamimina. Kwa maana hiyo soda mbili na sahani ya chipsi mayai zinafuta kilomita 5 zako na kukuachia deni. Ile soda yangu ya kujipongeza ilikuwa inakula zaidi ya theluthi ya mbio za asubuhi, na bado sijafika kwenye maandazi mawili ya chai.

Kuna jambo lingine ambalo mimi lilinishangaza, na limetoka hapa hapa kwetu. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi bado wapo wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer walikwenda kuwapima nguvu wanazotumia kwa siku nzima, kwa njia ya kuwanywesha maji maalum ambayo baadaye yanaonyesha mwili umechoma kiasi gani. Wanaume wao walikuwa wanatembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake kama 6. Kila mtu angetegemea wachome kalori nyingi kuliko Mmarekani anayeendesha gari kwenda dukani. Matokeo yakatoka mwaka 2012: ukishalinganisha ukubwa wa miili, jumla ya kalori wanazotumia kwa siku haikuwa na tofauti ya maana na ya watu wa Marekani na Ulaya.

Soma tena hiyo sentensi. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukizoea kazi nyingi, unabana matumizi sehemu nyingine za ndani, kama mama mwenye nyumba anayejua kupanga bajeti: ada ya shule ikipanda, anapunguza kwingine. Wataalamu bado wanabishana kwa kiasi gani hilo ni kweli kwa kila mtu, lakini linasaidia kueleza kwa nini mazoezi peke yake yanapunguza uzito kidogo kuliko hesabu ya karatasi inavyosema. Wahadzabe ni wembamba, ndiyo, lakini hawazungukwi na soda na chipsi.

Sasa mtu atasema, basi kama ni chakula, mazoezi ya nini? Swali zuri, na ndo mahali ambapo watu wa vyuma wanapata heshima yao.

Ukipunguza chakula mwili unakula akiba, na akiba hiyo si mafuta peke yake. Unakula misuli pia. Wote tumeona mtu aliyekonda kwa kujinyima tu: kilo zimeshuka kweli, lakini amelegea, hana nguvu, uso umesinyaa na kitambi kidogo bado kipo. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mwingine wa Marekani kwa wazee wanene 160, wa miaka 65 na kuendelea. Waliofanya mazoezi wote walipunguziwa chakula, wengine wakipewa mazoezi ya pumzi, wengine vyuma, wengine vyote. Baada ya miezi sita makundi yote matatu ya mazoezi yalipungua uzito sawa, asilimia 9. Tofauti ikawa kwenye kilichopotea. Wa mazoezi ya pumzi walipoteza asilimia 5 ya nyama zao za mwili zisizo mafuta, wa vyuma asilimia 2 tu, wa vyote asilimia 3. Ni wazee, sawa, sisi bado vijana, lakini somo linatuhusu.

Kwa mtazamo wangu basi, chakula ndicho kinachoshusha kilo, mbio zinasukuma na kulinda moyo, vyuma vinachagua kipi kibaki. Ukiniambia una nafasi ya kimoja tu na chakula hutaki kuguswa, nitakwambia kakimbie. Ukiniambia tayari umeshakata soda na chipsi, nitakwambia nenda kwenye chuma. Na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2020 linashauri vyote: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu yake kama ni ya nguvu kama mbio, halafu siku mbili au zaidi za kutia misuli nguvu.

Kuna uongo mmoja wa watu wa gym nisiuache upite. Wanasema misuli inachoma mafuta hata ukiwa umelala. Kweli inachoma, ila ni kiduchu. Kilo moja ya misuli ikiwa imepumzika inatumia kama kalori 13 kwa siku. Kalori 13 hata nusu andazi haifiki. Asikudanganye mtu.

Nikirudi kwangu. Mara ya pili nilianza Januari 2023, nikaacha koti, nikaacha mizani ya barabarani. Nikachukua mkanda wangu wa suruali, nikaweka alama ya kalamu mahali unapofika. Siku tatu natembea haraka na kukimbia kwa zamu, nusu saa. Siku mbili vyuma, na sikulipa gym yoyote: dumu la lita 10 likijaa maji ni kilo 10, la lita 20 ni kilo 20. Nalibeba, nalivuta kuelekea kifuani nimeinama kidogo, nachuchumaa nalo na kuinuka. Pushapu. Zile kichurachura tulizopigishwa shuleni kama adhabu, kumbe zilikuwa mazoezi ya maana! Chakula: soda hapana, chai kijiko kimoja badala ya vinne, ugali nusu ya zamani, maharage na dagaa na mayai zaidi, maana misuli bila protini haijengwi.

Wiki tatu za mwanzo mizani ya zahanati ilionyesha nimeongezeka kilo moja. Ingekuwa zamani ningeacha. Misuli ikianza kazi mpya huwa inavuta maji, ndo hiyo kilo. Alama ya mkanda ilikuwa imeshasogea.

Haraka haraka kwa maswali yanayojirudia. Dada zangu mnaoogopa kuwa kama mabaunsa: homoni inayojenga misuli ya namna ile mnayo kidogo sana, ondoeni hofu. Sit-up mia kwa siku hazichomi mafuta ya tumbo, zinakaza misuli iliyo chini yake tu, mafuta yanatoka mwili mzima kwa mpangilio wake. Mwenye uzito mkubwa sana asianze na mbio za lami, magoti yatalia. Atembee kwanza miezi miwili. Na mwenye presha, sukari au anayebanwa kifua, aanzie kwa daktari kabla ya raba.

Mpaka Desemba mwaka ule nilikuwa na kilo 81. Kilo saba kwa mwaka mzima, jamaa wa kijiweni wananicheka kwamba ni kidogo. Mkanda umeingia matundu matatu, na presha niliyopimwa mara ya mwisho daktari hakuuliza kitu, aliandika tu akaita mgonjwa mwingine.

Wewe unatumia nini kama chuma nyumbani? Na kuna aliyepungua kwa mbio tupu bila kugusa sahani? Aje hapo chini atueleze, ila atuambie na alikuwa anakula nini.