Tadbiri ya Mimba ya Mapacha

Pale Wazo, jijini Dar es Salaam, chini ya kilima ambacho kiwanda cha saruji kimekuwa kikikichimba tangu miaka ya 1960, habari ya kwamba mke wa fulani amebeba mapacha hupokewa kwa vigelegele, na majina ya Kulwa na Doto huanza kutajwa kabla tumbo halijaonekana vema. Furaha hiyo ni ya haki. Ila swali la kwanza limpasalo mama kumwuliza mtaalamu wa ultrasaundi si la jinsia ya watoto, bali ni hili: je, kila mtoto ana kondo lake, au wanashirikiana moja?

Jawabu lake hupatikana kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 11 na ya 14, na baada ya hapo huzidi kuwa gumu. Wenye makondo mawili aghalabu hutazamwa kila baada ya wiki nne. Wanaoshirikiana kondo moja hutazamwa kila wiki mbili tangu wiki ya 16, kwa kuwa mishipa yao imeungana na mmoja aweza kupata damu kupita kiasi ilhali mwenzake anapungukiwa. Basi katika jawabu hilo moja familia hujua nauli ngapi, vipimo vingapi na siku ngapi za kazi zitakazopotea, maana ndio msingi wa hesabu yote ifuatayo.

Hatari nyingine ni za mama mwenyewe: kifafa cha mimba, upungufu wa damu, na kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, kwa sababu mji wa mimba uliotanuka mno huchelewa kujikaza. Kwa hiyo zahanati ya mtaani, hata ikiwa na wakunga hodari, si mahali pa kuzalia mapacha. Patafutwe mapema hospitali yenye chumba cha upasuaji, damu na wodi ya watoto wachanga, mfano wa Mwananyamala au Muhimbili. Kutoka Wazo hadi Muhimbili ni zaidi ya kilometa 20 za Barabara ya Bagamoyo na foleni zake, na uchungu hauchagui saa. Dereva wa kuaminika na awekwe tayari, na namba 115 ya mpango wa m-mama, unaosafirisha wajawazito na wachanga wa dharura bila malipo, iandikwe kwenye kadi ya kliniki.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 yasema huduma ya uzazi katika vituo vya serikali ni bure, na ni neema kubwa. Lakini kila aliyewahi kuuguza ajua kwamba vifaa vikiadimika, ndugu hutumwa dukani. Mfuko wa kujifungulia uwe na khanga za kutosha, glovu, pamba, vibanio vya vitovu vya watoto wawili na kofia mbili. Ndugu wawili watatu wenye afya nao waombwe mapema kuchangia damu. Mwenye bima na aulize kwa maandishi: je, upasuaji umo? Na wachanga, kila mmoja kwa nafsi yake, wanaingia tangu lini?

Fedha nyingi, kwa rai yangu, ziwekwe kwa ajili ya siku za baadaye kuliko siku yenyewe ya uzazi. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na njiti aweza kulazwa majuma kadhaa, mama akila na kulala hospitalini. Faraja ipo: utafiti uliotangazwa mwaka 2021, ambao Muhimbili ilishiriki, ulionyesha kwamba kumweka njiti kifuani kwa mama mara tu azaliwapo, ngozi kwa ngozi, hupunguza vifo kwa takriban robo. Baba na shangazi nao waweza kupokezana kifua, na kwa mapacha hilo ni jambo la lazima.

Mwajiriwa ana haki ya siku 100 za likizo kwa mapacha, badala ya 84, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2004. Lakini mama lishe wa Tegeta na muuza mboga wa Temeke hawana mwajiri wa kuwalipa. Kwao akiba ya kijumbe au kikoba na ianze mwezi ule ule wa kipimo cha kwanza, na katika hesabu yake, mbele ya nauli na dawa, yaandikwe mapato ya biashara itakayofungwa.