Kozi za ugavi mtandaoni na ghala la makonyo la Wawi

Kozi za ugavi na uendeshaji mtandaoni ni nyingi, na zinakaribiana sana kwa mada: makadirio ya mahitaji, akiba ya ghalani, ununuzi, usafirishaji. Ipi inafaa hutegemea kazi inayomngoja msomaji. Mfano mzuri uko Wawi, jirani na mji wa Chake Chake, kwenye kiwanda cha mafuta ya mimea cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC).

Malighafi yake kubwa ni makonyo, yale yanayobaki karafuu zikishachambuliwa. Huja kwa wingi msimu wa karafuu tu, na mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwaka unaofuata huenda ukazaa haba. Mtunza ghala hapo lazima ajue apokee magunia mangapi, ayahifadhi vipi yasiingie unyevu, na makonyo yakipungua mtambo ukamue nini: majani ya mkarafuu, mkaratusi au mchaichai.

Kozi nyingi za Marekani huanzia upande wa pili. Kwa kozi hizo bidhaa ipo, anayetiliwa shaka ni mnunuzi. Hata hivyo hesabu ni ileile, na atakayeielewa ataigeuza akadirie mavuno badala ya mauzo. Kwa hilo, MicroMasters ya MIT kwenye jukwaa la edX, yenye kozi tano, ina uzito wa kutosha. Pengine umezidi kwa mtu aliyeachana na takwimu tangu sekondari. Huyo bora atangulize Excel. Anayefikiria kuuza viungo nje atafaidika zaidi na kozi fupi za bure za Kituo cha Biashara cha Kimataifa (ITC) cha Geneva.

Kuhusu cheti, hesabu ni nyingine. Masomo mengi ya edX yana sehemu inayosomwa bila malipo; cheti hulipiwa. Kwa ajira ya ununuzi na ugavi Tanzania Bara, cheti hicho hakichukui nafasi ya usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa fani hiyo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007.

Kabla ya kulipa, inafaa kupitia somo la kwanza lote na kuangalia kama video zinapakuliwa kwenye simu, maana bando nalo ni gharama. Tarehe za mitihani nazo zitazamwe: kozi isiyosubiri mtu haifai kuanzwa wakati karafuu ziko majamvini.