Je, Wajua? Karnitini Ina Sura Nyingi

Karnitini iligunduliwa ndani ya nyama mwaka 1905. Kazi yake ni kubeba mafuta hadi ndani ya mitokondria, yanakochomwa kuwa nguvu. Ini na figo zako huitengeneza zenyewe, hata kama huli nyama.

Ukinunua ya vidonge dukani, soma maandishi madogo ya nyuma ya kopo ujue ni ya umbo gani. Wanaofanya mazoezi mazito hutafuta L-karnitini tatreti, inayohusishwa na kupungua kwa maumivu ya misuli. Asetili-L-karnitini hupenya hadi kwenye ubongo, ndiyo maana huchunguzwa kwa kumbukumbu, na pia kwa ganzi ya miguu ya wagonjwa wa kisukari. Ukiona D-karnitini au DL-karnitini, rudisha kopo kwenye rafu: umbo la D huizuia L kufanya kazi.

Wanaotaka kupungua uzito wasitarajie makubwa. Tofauti iliyoonekana katika tafiti ni ndogo. Tena mwili hufyonza chini ya robo ya karnitini ya vidonge, ilhali ile ya nyama hufyonzwa zaidi ya nusu. Gramu 3 kwa siku zaweza kuleta kichefuchefu, kuhara na jasho lenye shombo la samaki. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au mwenye kifafa, amwone daktari kwanza.