Je, Wajua? Kadi ya Homa ya Manjano Haiishi Muda

Mtu anayeishi ughaibuni, ambaye kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano, yaani ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, imepita miaka 10, halazimiki kuchanjwa upya, kwa kuwa marekebisho ya Kanuni za Afya za Kimataifa yaliyoanza kutumika tarehe 11 Julai 2016 yaliipa kadi hiyo uhalali wa maisha yote ya mwenyewe, zikiwemo kadi zilizotolewa kabla ya hapo. Anayechanjwa kwa mara ya kwanza, hata hivyo, hana budi kusubiri, maana kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Chanjo ya mkesha wa safari haimfai kitu mpakani. Linalopuuzwa mno ni karatasi yenyewe: neno lililofutwa, saini au mhuri wa kituo uliosahauliwa, vyote vinaweza kuibatilisha. Mtoto naye huwa na kadi yake, na asiyejua kuandika hutiliwa saini na mzazi. Asiyeweza kuchanjwa kwa sababu za kitabibu huandikiwa na daktari maelezo kwa Kiingereza au Kifaransa, ingawa nchi anayoingia inaweza bado kumweka chini ya uangalizi.